Mizani ya Haki kwa Mtoto Mchanga

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa jumuiya, wakunga na wazazi, Makambako)

UTANGULIZI



Tunajua kwamba wengi wenu mmeacha kazi za shamba, na wengine mmetembea tangu alfajiri katika baridi. Tumezoea kukutana nanyi ili kuzungumzia mashauri ya ardhi, mirathi ya wajane na bei ya mazao. Leo tunawaomba tumzungumzie mtu aliye mdogo kuliko wote katika kaya zetu, yaani mtoto aliyezaliwa juzi, ambaye hana kura, hana sauti katika mkutano wa kijiji, wala hawezi kusema panapomuuma.

Tuanze na jambo mnalolifahamu vizuri. Hapa Makambako na Njombe hakuna mkulima wa viazi asiyejua maana ya lumbesa. Gunia hujazwa, kisha huongezewa kilemba juu yake, na mnunuzi hulilipa kwa bei ya gunia moja. Mkulima huambiwa, "Kwa macho yangu hili ni gunia moja." Kwa miaka mingi tumekuwa tukisema kwamba huo ni unyang'anyi, na sheria ya vipimo inatuunga mkono: gunia lisizidi kilo 100, na mazao yapimwe kwa mizani, si kwa jicho la mwenye fedha.

Sasa tunauliza. Ikiwa kiazi kinastahili mizani, je, mtoto astahili nini? Kila siku mtoto mchanga hutazamwa kwa jicho tu, ikasemwa, "Huyu hana manjano, nendeni nyumbani," na jicho hilo linaweza kukosea. Hoja yetu ya leo ni hii: umanjano wa mtoto mchanga, hasa mwenye ngozi nyeusi, hauwezi kukadiriwa kwa macho kwa usalama. Kipo kifaa kinachoupima kupitia ngozini bila kumchoma mtoto sindano. Kila mtoto astahili kupimwa kabla hajatoka kituoni. Na kifaa chenyewe tukijue vizuri, nguvu zake na mipaka yake, ili kisije nacho kikawa mizani ya udanganyifu.

1. UMANJANO NI NINI?

Kwanza tuondoe mkanganyiko wa majina. Umanjano wa watoto wachanga si ile homa ya manjano inayoenezwa na mbu. Wala si adhabu kwa wazazi, wala si kosa la mama.

Katika damu ya kila mwanadamu, chembe nyekundu huzeeka na kuvunjika, na mpya hushika nafasi zake. Katika kuvunjika huko hutokea kitu cha rangi ya manjano kiitwacho bilirubini. Ini hukipokea, hukibadili, na kukitoa kwa njia ya nyongo hata kikatoka pamoja na choo. Mtoto mchanga ana chembe nyekundu nyingi, tena zinazoishi muda mfupi kuliko za mtu mzima, na ini lake bado ni changa. Ndiyo sababu yapata watoto 60 kati ya 100 waliotimiza miezi, na yapata 80 kati ya 100 waliozaliwa kabla ya wakati, huonekana wa manjano katika juma lao la kwanza. Kwa walio wengi hali hii hupita yenyewe, mradi mtoto ananyonya vizuri.

Lakini kwa wachache bilirubini hupanda kupita kiasi. Hutokea pale damu ya mama na ya mtoto zisipopatana, kwa mfano mama wa kundi O na mtoto wa kundi A au B, au mama ambaye damu yake ni ya Rhesus hasi. Hutokea kwa mtoto aliyerithi upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, urithi unaopatikana zaidi kwa watu ambao mababu zao waliishi na malaria. Mtoto wa namna hiyo anaweza kudhurika hata kwa harufu ya vile vidonge vyeupe vinavyowekwa katika nguo ili kufukuza nondo. Hutokea pia kwa sababu ya maambukizi, kwa uvimbe wa damu kichwani baada ya uzazi mgumu, na kwa mtoto asiyepata maziwa ya kutosha.

Bilirubini ikizidi mno huingia katika ubongo. Mtoto hulegea, husinzia sana na kuacha kunyonya. Kisha hulia kwa sauti kali na nyembamba, hukakamaa na kujikunja kwa nyuma kama upinde. Wengine hufariki. Anayenusurika huweza kubaki kiziwi, au mwenye mikono na miguu inayojipinda bila kumtii, au asiyeweza kuinua macho kutazama juu. Mara nyingi akili ya mtoto huyo ni timamu: anaelewa, anampenda mama yake, anataka kusema, lakini mwili unakataa. Ubongo ukiisha kudhurika hivyo hauponyeki. Na wakati wa kuzuia madhara hayo ni wa siku chache tu.

2. TAA ILIYOGUNDULIWA NA JICHO LA MUUGUZI

Dawa ya umanjano ni jambo la kustaajabisha kwa wepesi wake, nayo ni mwanga. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford huko Essex, Uingereza, muuguzi kiongozi Jean Ward alikuwa na desturi ya kuwatoa watoto nje wapate hewa na jua. Siku moja aliwaonyesha madaktari mtoto njiti aliyekuwa amefifia umanjano mwili mzima, isipokuwa sehemu moja ya pembe tatu iliyokuwa imefunikwa na shuka. Sehemu hiyo ilibaki ya manjano. Katika hospitali hiyohiyo ikaonekana pia kwamba chupa ya damu iliyoachwa dirishani juani ilipungukiwa bilirubini. Daktari Richard Cremer na wenzake walifanya majaribio, na mwaka 1958 wakatangaza matokeo yao katika jarida la Lancet. Mwanga wa bluu huibadili bilirubini iliyo ngozini, ikawa rahisi kwa mwili kuitoa.

Tunaisimulia habari hii kwa makusudi. Tunataka wauguzi wetu wajue kwamba tiba inayotumika leo duniani kote ilianza kwa muuguzi aliyetazama kwa makini, na kwa madaktari waliokubali kumsikiliza. Lakini taa haimwiti mtoto. Ni lazima kwanza mtu ajue ni mtoto yupi anayeihitaji. Hapo ndipo penye mzizi wa shauri letu.

3. JICHO LINAPOTUDANGANYA

Hebu tumfikirie mama mmoja wa kijiji cha mbali, kule ambako wakati wa masika gari halipandi kilima. Amefuata maagizo yote. Amehudhuria kliniki, amefika kituoni mapema, amejifungua salama mtoto wa kiume. Asubuhi ya pili mkunga aliyekesha na wajawazito wengine watatu anamtazama mtoto chini ya balbu hafifu. Mtoto amefungwa shali, kwa kuwa ni mwezi Julai na baridi ya Njombe haina mzaha. Ngozi yake ni nyeusi na nzuri. Mkunga anaona hakuna shaka, anaandika kwenye kadi, na mama anaruhusiwa.

Siku ya tatu mtoto anapunguza kunyonya. Bibi anasema, "Huyu mtoto mtulivu, anapenda kulala." Siku ya nne macho yake ni ya manjano. Jirani anashauri aanikwe juani. Siku ya tano analia kwa ile sauti nyembamba, na baba anaanza kutafuta pikipiki. Wanapofika hospitali, wanaambiwa kwamba wamechelewa.

Je, nani amekosa katika habari hii? Mama hakukosa. Bibi alisema alichokijua. Mkunga naye alitumia chombo pekee alichopewa, yaani macho yake.

Mwaka 1969 daktari aitwaye Kramer alieleza kwamba umanjano huanza usoni na kushuka hadi miguuni kadiri bilirubini inavyopanda. Kanuni hiyo imefundishwa sehemu nyingi. Lakini tafiti zilizofuata zimeonyesha mara kwa mara kwamba hata wataalamu wazoefu, wakimtazama mtoto mmoja, hutofautiana katika makadirio yao. Katika ngozi nyeusi, ile rangi asilia ya ngozi huuficha umanjano mpaka umekuwa mkubwa. Mwanga wa chumba, rangi ya ukuta na uchovu wa mtazamaji huongeza makosa.

Kuna tatizo la pili, nalo ni la saa. Kwa kawaida bilirubini hufikia kilele kati ya siku ya tatu na ya tano. Mama hutoka kituoni baada ya siku moja, pengine kabla yake. Kwa hiyo hata jicho lisilokosea lingemwona mtoto kabla ya hatari yenyewe kuonekana.

Hapa pana jambo la haki. Kwa miaka mingi Serikali na makanisa tumewahimiza kina mama wasijifungulie nyumbani, nao wameitikia. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 81 kati ya 100 nchini Tanzania walizaliwa katika vituo vya huduma za afya. Hata hivyo, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 24 walifariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Mama ametimiza sehemu yake ya ahadi, naye anatazamia kwamba kituo nacho kitatimiza sehemu yake.

4. KIFAA KINACHOSOMA KUPITIA NGOZINI

Mwaka 1980 watafiti wa Japani, wakiongozwa na Yamanouchi, walitangaza kifaa cha kwanza cha kupima umanjano kwa kugusa ngozi tu. Tangu hapo vimetengenezwa vya aina mbalimbali, na vya leo huenea mkononi mwa mkunga.

Kazi yake ni hivi. Ncha ya kifaa huwekwa juu ya paji la uso au juu ya mfupa wa kidari na kubonyezwa taratibu. Mwali mfupi wa mwanga huingia ngozini na kurudi. Bilirubini hupenda kumeza mwanga wa bluu, kwa hiyo kadiri ilivyo nyingi, ndivyo mwanga wa bluu unavyorudi mchache. Lakini damu yenyewe humeza mwanga, na rangi nyeusi ya ngozi humeza mwanga pia. Kwa sababu hiyo kifaa hulinganisha mianga ya rangi mbili au zaidi, na vingine hulinganisha mwanga uliopita juu juu na ule uliozama zaidi, ili kuyatoa yale yasiyo bilirubini. Kisha namba hutokea. Hakuna sindano, hakuna damu, wala hakuna kungoja maabara ifunguliwe siku ya Jumatatu.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo mapya juu ya huduma ya mama na mtoto baada ya kujifungua. Miongoni mwake limependekeza kwamba watoto wote wachanga wapimwe umanjano kwa kifaa cha namna hii wanaporuhusiwa kutoka kituoni. Zingatieni neno "wote". Hawakusema watoto wa miji mikubwa, wala watoto ambao jicho limewatilia shaka.

5. TUKIJUE KIFAA PAMOJA NA MIPAKA YAKE

Wapendwa, tusiwe kama mtu anayenunua mizani na asijue kuisoma. Kifaa hiki ni cha kuchuja: kinatuambia ni nani aangaliwe zaidi. Hakitoi hukumu ya mwisho. Damu ndiyo hutoa hukumu. Mambo yafuatayo ni ya lazima kwa yeyote atakayekitumia.

Kwanza, saa ya kuzaliwa iandikwe. Namba haina maana bila umri wa mtoto kwa saa na umri wa mimba. Bilirubini ya miligramu 10 katika desilita moja ya damu, kwa mtoto mzima na mwenye afya wa siku nne, mara nyingi ni ya kawaida. Namba hiyohiyo katika siku ya kwanza ni kengele ya hatari. Mtoto yeyote anayeonekana wa manjano kabla ya kutimiza saa 24 ni mgonjwa mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Pili, namba kubwa ithibitishwe kwa damu. Katika viwango vya juu kifaa huelekea kusoma pungufu. Kwa hiyo kikisoma miligramu 15 au zaidi, au kikikaribia mstari wa kuanza tiba, damu ipimwe bila kuchelewa.

Tatu, kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya majuma 35 ya mimba, na kwa mtoto aliye chini ya saa 24, tusikitegemee kifaa peke yake.

Nne, mtoto akiisha kuwekwa chini ya taa, ngozi husafika upesi kuliko damu. Kifaa kitasema amepona wakati damu inasema bado. Mtoto wa namna hii afuatiliwe kwa damu.

Tano, mahali penye michubuko au alama ya kuzaliwa pasipimwe, na kifaa chenyewe kihakikiwe kwa kipande chake cha kulinganishia, kama vile mizani ya sokoni inavyohakikiwa na Wakala wa Vipimo.

Bado lipo swali linalotugusa sisi hasa: je, kifaa kilichotengenezwa ng'ambo kinasema kweli juu ya ngozi zetu? Swali hili si la chuki. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba vile vifaa vinavyobanwa kidoleni kupima hewa katika damu vilishindwa kutambua upungufu wa hewa kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Kwa vifaa vya umanjano, tafiti zilizofanywa Nigeria zimeonyesha kosa la upande mwingine: kwa watoto weusi wengi kifaa kilisoma juu kuliko damu. Kosa hilo lina nafuu, kwa sababu humpeleka mtoto kupimwa damu bila ya lazima, lakini halimwachi apotee. Hata hivyo kosa ni kosa. Humsafirisha mama bure na kuijaza wodi. Kwa hiyo hatusemi kifaa kikataliwe. Tunasema kijaribiwe juu ya watoto wetu, namba zake zilinganishwe na damu yao, na matokeo yatangazwe wazi.

Tunafurahi kwamba Afrika haikukaa kungoja. Huko Accra, Ghana, watafiti wa huko pamoja na wenzao wa London walipima watoto zaidi ya 300 kwa kutumia kamera ya simu inayosoma weupe wa jicho, mahali ambapo rangi ya ngozi haiingii, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2022. Huko Blantyre, Malawi, kilijaribiwa kifaa cha bei ndogo kinachosoma bilirubini katika tone moja la damu kwa dakika chache, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Hapa kwetu Tanzania, tangu mwaka 2019 Wizara ya Afya na Taasisi ya Afya Ifakara zimeshiriki katika mpango wa nchi kadhaa za Afrika uitwao NEST360, unaopeleka vifaa vya watoto wachanga hospitalini pamoja na mafunzo ya kuvitumia na kuvitengeneza.

Kwa zahanati isiyoweza kununua kifaa cha umeme, kipo cha kale na cha bei nafuu. Ni kibao cha plastiki chenye mistari ya manjano ya viwango tofauti, kilichotangazwa na Gosset mwaka 1960. Kibao hubonyezwa juu ya pua ya mtoto mpaka damu iondoke mahali pale, kisha rangi ya ngozi hulinganishwa na mistari. Aina mpya ya kibao hiki imejaribiwa huko Bangladesh. Hakilingani na kifaa cha mwanga, lakini ni bora kuliko jicho lililoachwa peke yake.

6. KUHUSU JUA LA NJOMBE

Wengi wetu tumelelewa na shauri la kumwanika mtoto juani. Tusiwacheke wazee wetu. Muuguzi wa Rochford naye alianza na jua. Huko Lagos, Nigeria, watafiti walionyesha mwaka 2015 kwamba jua lililochujwa kwa karatasi maalumu za kuzuia miale mibaya laweza kutibu umanjano sawasawa na taa. Lakini angalieni masharti yake: lilichujwa, watoto walisimamiwa saa zote na kupimwa joto, tena Lagos ni nchi ya joto.

Njombe iko katika mwinuko wa karibu mita 2,000. Mtoto mchanga akivuliwa nguo nje saa mbili za asubuhi mwezi wa Juni atapoteza joto, atadhoofika na kuacha kunyonya, na umanjano utazidi. Akifunikwa ili asipate baridi, mwanga haumfikii. Na hasara iliyo kubwa kuliko zote ni siku zinazopita wakati familia inangoja jua lifanye kazi. Jua lisiwe sababu ya kuchelewa.

7. TUTENDE NINI?

Sisi katika kaya. Baba, mama na bibi wajue dalili. Mtazameni mtoto penye mwanga wa mchana. Angalieni weupe wa macho, ufizi, viganja na nyayo, kwa maana katika sehemu hizo kila mtoto wetu ana rangi nyepesi. Viganja na nyayo zikiwa za manjano, hiyo ni hatari kubwa. Mtoto asiyenyonya, anayesinzia kupita kiasi, anayelia kwa sauti isiyo ya kawaida au anayejikunja nyuma, apelekwe saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Apewe maziwa ya mama tangu saa ya kwanza, pamoja na yale ya mwanzo mazito, wala asipewe maji. Na kila mtoto arudishwe kuangaliwa kati ya saa 48 na 72 tangu kuzaliwa, hata kama anaonekana mzima.

Sisi katika jumuiya. Tunachangia harusi na misiba, na ni vema. Tuwe pia na mfuko mdogo wa nauli ya mama na mtoto, na orodha ya wenye pikipiki walio tayari usiku. Mtoto wa Ludewa au wa Makete ana njia ndefu kuliko wa Makambako aliye kando ya barabara kuu, na umanjano haujali hali ya barabara.

Sisi kama wananchi. Zahanati na vituo vya afya vina kamati za usimamizi, na ndani yake wamo wajumbe wetu. Halmashauri hupanga mpango wa afya wa kila mwaka. Wajumbe wetu waulize maswali ya wazi: Je, katika kituo chetu umanjano hupimwa kwa nini? Taa ya bluu ipo? Inawaka? Umeme ukikatika, inakuwaje? Damu hupimwa wapi, na majibu hurudi baada ya saa ngapi? Kifaa cha mwanga huuzwa kwa maelfu ya dola za Marekani, nasi hatudai kwamba kila zahanati ikipate kesho. Lakini tunadai kuwe na mpango: kianzie mahali panapozaliwa watoto wengi, kiwe na betri, mtu wa kukihakiki na fundi wa kukitengeneza, ili kisije kikafungiwa kabatini kama vifaa vingi vya msaada. Tena sera ya nchi yetu imewaondolea ada wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya umma. Mzazi asiogope kuuliza haki hiyo anapodaiwa fedha kwa ajili ya mtoto mchanga.

Sisi wenye hospitali. Makanisa yana hospitali katika mkoa huu, kama Ikonda kule Makete na Ilembula kule Wanging'ombe. Hatuwezi kuidai Serikali haki huku sisi wenyewe tukijisamehe. Maswali yaleyale tuyaulize milangoni mwetu.

Na kwa wakunga wetu tuna neno la pekee. Hatukuja kuwashitaki. Mmepewa watu wengi, mikono miwili na macho mawili. Kudai kifaa ni kuwatetea ninyi pia, ili siku moja mama asije akawalaumu kwa jambo ambalo jicho la mwanadamu halikuumbwa kuliona.

HITIMISHO

Ndugu wapendwa, tulipokataa lumbesa tuliambiwa kwamba hiyo ni desturi ya soko na kwamba mkulima ameizoea. Tulijibu kwamba mazoea hayageuzi dhuluma kuwa haki. Leo pia tutaambiwa kwamba watoto wetu wamekuwa wakitazamwa hivi siku zote, na wengi wamekua. Ni kweli, wengi wamekua. Lakini wapo waliobaki ndani ya nyumba zetu, wasiosikia, wasiotembea, wanaobebwa mgongoni hata wakiwa na umri wa miaka kumi. Baadhi yao huenda wangekuwa hapa leo wakitusikiliza, laiti wangepimwa siku walipotoka kituoni.

Twendeni, tukaanze na swali moja katika kituo kilicho karibu nasi: "Mtoto huyu amepimwa kwa nini?" Tukilirudia swali hilo kwa heshima na bila kuchoka, tutapata jibu.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

1. Je, katika jumuiya yetu yupo mtoto mwenye ulemavu ulioanza baada ya kuwa wa manjano katika juma la kwanza? Familia yake tunaisaidiaje leo?

2. Mtoto wa manjano hufanyiwa nini kwanza katika kijiji chetu? Ni lipi la kuendelea nalo, na ni lipi la kuacha?

3. Mama aliyeruhusiwa jana atarudije kituoni siku ya tatu? Ni nani atakayemsindikiza?

4. Ni nani mjumbe wetu katika kamati ya zahanati au kituo cha afya, na tutamtuma kuuliza nini?